Aliyekataliwa na Wengi

Wahenga walisema mkataa wengi ni mchawi, na tangu hapo kila anayekaa peke yake ofisini ana kesi ya kujibu. Anajitenga. Hana ushirikiano. Akichelewa kurudi kutoka mapumziko, akimjibu mteja kwa mkato, akishinda kwenye simu, dawa huwa moja: semina ya nidhamu binafsi, yenye mtoa mada wa kukodi na soda mbili. Aliyekataliwa na wengi hana methali.

Mwaka 2005 mwanasaikolojia Roy Baumeister na wenzake walichapisha majaribio waliyoyafanya Marekani. Wanafunzi wasiofahamiana walizungumza, kisha kila mmoja akataja wawili ambao angependa kufanya nao kazi. Bila kujali kura zilisemaje, baadhi waliambiwa wamechaguliwa na wote, wengine kwamba hawakuchaguliwa na yeyote. Halafu kila mmoja akaachwa na bakuli la biskuti, eti azionje. Waliokataliwa walikula takriban mara mbili ya wenzao. Hawakuja na ulafi kutoka nyumbani. Waliangukia tu upande mbaya wa bahati nasibu.

Katika jaribio jingine washiriki walivaa visikilizio, wafuatilie maneno ya sikio moja na kuyapuuza ya sikio la pili. Waliofanywa wajione wametengwa walivurunda. Walipoahidiwa pesa wakifanya vizuri, wakafanya vizuri. Kwa hiyo uwezo ulikuwepo muda wote. Kilichoondoka ni sababu ya kuutumia. Tunameza jibu kali, tunafika saa mbili kamili, kwa kuwa lipo kundi tunalotaka litupokee. Kundi likishafunga mlango, unajizuia kwa ajili ya nani?

Sasa mtazame kijana wa fildi, au wa mkataba wa miezi mitatu. Anaitwa "wewe wa fildi" hadi siku anaondoka. Kikao kinatangazwa kwenye kundi la WhatsApp ambalo hakuunganishwa, kisha anaulizwa mbona hakuhudhuria. Chai ya saa nne inaagizwa kwa idadi ya vichwa na chake hakimo. (Zipo ofisi ambazo vitumbua huhesabiwa kwa makini kuliko masurufu.) Mwezi wa pili akianza kutega, wanasema vijana wa siku hizi hawana subira.

Sisemi kila uzembe ni upweke. Anayeiba mafuta ya gari la ofisi mara nyingi ana marafiki tele. Na wapo wanaotengwa wakaendelea kuchapa kazi. Hao nawaheshimu, ila wanailipa kutoka mfukoni gharama ambayo ofisi imekwepa, kisha ofisi hiyohiyo inawatumia kama fimbo ya kuwachapia wengine.

Basi, mkuu wa idara, kabla hujasaini hiyo barua ya onyo, fungua simu yako uangalie kama jina lake limo kwenye kundi.