Tutengeneze sanamu, sahihi tuiache

Wamama na dada wapenzi, juma hili tuzungumze juu ya vitu vinavyokaa juu ya kabati, karibu na televisheni: sanamu ndogo ya mchezaji, mpira ao jezi yenye sahihi. Baba ndiye anayevionyesha wageni, lakini sisi ndio tunaovipangusa.

Thamani yake ni ile sahihi. Pierre Ndaye Mulamba, aliyefunga mabao 9 katika Kombe la Afrika la 1974, alifariki mwaka 2019. Mwenye sahihi yake akiifuta, hakuna wa kumwandikia nyingine.

Adui wa kwanza hapa Kolwezi ni vumbi, hasa wakati wa kiangazi. Lina mchanga ndani yake. Ukilisugua kwa kitambaa, linakwaruza rangi na wino. Tunaliondoa kwa brashi laini, kavu, tukianzia juu kushuka chini, bila kugusa maandishi. Maji ya sabuni, alkoli na dawa ya kuondoa rangi ya kucha visikaribie: wino wa feutre unayeyuka mara moja.

Sanamu ikivunjika mkono ao mguu, tukusanye vipande vyote kwanza, tuipige picha, ndipo tutengeneze. Ya mbao ao ya plasta inafaa gundi nyeupe ya maseremala. Ya plastiki tunaweka tone dogo la gundi kali kwa kijiti cha meno, mbali na sahihi, mahali penye hewa, kwa sababu mvuke wake unaacha weupe juu ya rangi. Tuifunge kwa uzi, tuiache mpaka kesho yake.

Kama imesimama juu ya malakiti, ndimu na siki tuziache jikoni. Tumezoea kung'arisha shaba kwa ndimu na chumvi, lakini asidi inakula malakiti na kuondoa mng'ao wake.

Sahihi ikififia, tusipitishe kalamu juu yake, hata kama mtoto ana mwandiko mzuri. Tangu hapo ni mwandiko wa mtoto, si wa mchezaji tena. Tuitoe kwenye jua la dirishani, tuiweke katika boksi lenye karatasi safi. Wakati wa mvua tuifungue mara kwa mara, unyevu usikae ndani.

Tena haya si mambo ya wanaume peke yao. Novemba 2024 wasichana wa TP Mazembe walitwaa kombe la Afrika la vilabu vya wanawake kule Maroko. Binti akileta nyumbani jezi yenye sahihi zao, isiingie katika beseni la kufulia. Itundikwe pale pale inapotundikwa ile ya kaka yake.