Lushoto Siyo Uswisi

Jamani, hii habari ya kuiita Lushoto "Uswisi ya Afrika" imenichosha. Wajerumani waliuita mji wetu Wilhelmstal, jina la Kaisari wao. Wameondoka zamani, sisi bado tunausifia kwa kuufananisha na Ulaya! Mimi nimekulia pale. Ninachokumbuka ni ukungu kuingia hadi darasani, kina mama wa Kishambaa na matenga ya mapeasi vichwani, basi kutoka Mombo likihema kwenye kona za Soni, na bibi akitusimulia habari za Mbegha, mwindaji wa nguruwe aliyefanywa mfalme. Uswisi wana Mbegha? Wadau wangu wa Dar wana picha kumi kumi za Irente, lakini ukiwatajia Vugha, makao ya Wakilindi, wanauliza ni hoteli gani.