Kiputo Kinachofungua Mlango

Juzi nilikwenda kumtazama jirani yetu, mama mtu mzima, aliyekuwa akitibiwa saratani. Nywele zimemtoka, chakula hakimpiti kooni. Alinishika mkono akaniuliza: "Hebu nambie, mwanangu, dawa hii haiwezi kupelekwa pale penye ugonjwa tu, mwili uliobaki ukasalimika?" Siku ile sikuwa na jibu. Leo ninalo nusu yake.

Dawa ikishaingia katika damu huenea mwili mzima, na madhara mengi hutokana na huko kuenea. Penginepo haifiki kabisa: kuta za mishipa ya ubongo zimeshikamana mno hata dawa nyingi hazipenyi. Wataalamu wamepata msaidizi mdogo ajabu, nacho ni kiputo cha gesi kilichovikwa utando mwembamba, aghalabu wa mafuta, kidogo kuliko chembe nyekundu ya damu. Viputo hivi vimekuwa vikitumika kung'arisha picha za moyo katika altrasaundi, kipimo kile kile tunachokijua sisi kina mama kwa kuwatazama watoto tumboni. Mawimbi ya sauti yakikipiga, kiputo hutanuka na kusinyaa mara milioni moja na zaidi kwa sekunde. Kikiwa kando ya ukuta wa mshipa huusukuma na kuuvuta, na dawa hupata upenyo.

Hapo ndipo penye hatari. Nguvu ya sauti ikipita kiasi, kiputo huporomoka kwa kishindo na kuweza kuujeruhi mshipa ukavuja damu. Mpaka baina ya kufungua mlango na kuuvunja ni mwembamba, na hauwezi kujulikana kwa kukisia. Sharti uonekane.

Filamu ya sinema huonyesha picha 24 kwa sekunde. Kwa kiputo, hizo si kitu. Ndipo Waholanzi, katika Chuo Kikuu cha Twente na kituo cha tiba cha Erasmus kule Rotterdam, walipounda kamera waliyoitangaza mwaka 2003: Brandaris 128. Hadubini hukikuza kiputo, kisha picha hutupwa juu ya kioo kinachozungushwa kwa gesi ya heliamu, hadi mizunguko 20,000 kwa sekunde. Kioo huipitisha picha hiyo juu ya vipokezi 128, kimoja baada ya kingine, kwa kasi ifikayo picha milioni 25 kwa sekunde. Jina wamelitwaa kwa mnara wa taa wa kisiwa cha Terschelling. Sisi watu wa pwani hatuhitaji kuelezwa mwanga unaozunguka.

Kwa kasi hiyo, picha zote 128 humalizika kabla hujawaza kupepesa jicho. Nazo zimefichua mambo yasiyotarajiwa. Vipo viputo vinavyosinyaa lakini havitanuki, na kilichogusa ukuta hakichezi kama kilicho huru.

Mwaka 2015, katika hospitali ya Sunnybrook mjini Toronto, Kanada, njia hii ilitumiwa kufungulia dawa kizuizi cha ubongo wa mgonjwa mwenye uvimbe, bila kumpasua fuvu. Majaribio yangali yakiendelea, wala si tiba ya kwenda kuiuliza kesho hospitalini.

Nilirudi kwa jirani nikamsimulia yote. Akasikiliza hadi mwisho, akatabasamu. "Basi waambie wavitazame vyema," alisema, "kabla hawajavitia katika mishipa yangu."