Mzee Anayekaribia Kustaafu na Motokaa Yake ya Zamani



Juma hili twazungumza juu ya jambo ambalo baadhi yenu mtalicheka. Huko Uingereza wako watu wazima wengi, wenye akili timamu na kazi zao, ambao wakikaribia miaka sitini hutafuta motokaa iliyokufa zamani, iliyolala bandani chini ya majani makavu, panya wamezaa ndani ya viti. Huilipia fedha halali, wakaivuta kwa kamba mpaka nyumbani, na tangu siku hiyo kila jioni huonekana miguu yao tu ikitokeza chini ya gari. Jirani akiuliza, "Bwana, gari zima limekushinda?" hujibiwa kwamba gari zima lipo, ndilo la kwendea kazini, hili ni la kushughulisha mikono.

Mimi bado sijafika huko. Niko katika miaka ya thelathini, nilisomea ualimu chuoni, na sasa nashika vitabu vya parokia. Lakini katika ukarani wangu wazee huja kuandikiwa barua: za kufuatilia pensheni, za kuulizia kiinua mgongo. Basi nawaona. Mwalimu aliyeamka saa kumi na moja alfajiri kwa miaka thelathini na mitano, siku ya kwanza ya kustaafu huamka saa ile ile, huvaa viatu, hukaa kitini. Mwezi wa kwanza watu humpa hongera. Mwezi wa sita amekwisha kuanza kugombana na mama watoto juu ya chumvi ya mchuzi. Shamba humfaa aliyelizoea. Lakini aliyeshika chaki au spana maisha yake yote hageuki mkulima kwa siku moja, hata tukimwambia namna gani. Wenzetu wa Uingereza wana ugonjwa huo huo, na baadhi yao dawa yao ni hiyo motokaa mbovu.

Kwanza mjue kwamba magari ya zamani yana vyeo vyake. Kiko chama cha huko kiitwacho Vintage Sports-Car Club, kilichoanzishwa 1934, ambacho kwacho gari la heshima ni lile lililotengenezwa kabla ya kwisha mwaka 1930. Yako na makuu kuliko hayo. Kila mwaka, Jumapili ya kwanza ya Novemba, magari yaliyotengenezwa kabla ya 1905 huondoka London alfajiri jua likichomoza, yakaenda Brighton pwani, mwendo wa maili 60 hivi, yaani kilomita 96. (Wenye Misa ya Jumapili nadhani huihudhuria Jumamosi jioni.) Safari hiyo ni ukumbusho wa tarehe 14 Novemba 1896, wenye magari waliposherehekea sheria mpya iliyowaruhusu kwenda maili 14 kwa saa. Kabla yake mwisho ulikuwa maili 4, na sheria ya 1865 ilikuwa imedai mtu atangulie kwa miguu mbele ya gari, ameshika bendera nyekundu. Ndiyo maana hata leo kabla ya kuondoka huichana bendera nyekundu hadharani. Mengine hufika Brighton, mengine huvutwa na lori. Hakuna anayeona haya.

Lakini gari la 1904 si la fundi wa kiwanda wala la karani wa posta. Mtu wa kawaida hutafuta Morris Minor, lililotengenezwa tangu 1948 mpaka 1971, au hutafuta gari moja ambalo ninyi mnalijua vizuri kuliko mimi: Land Rover.

Wengi wenu mliopita miaka hamsini mwakumbuka sauti yake ikipanda kilima kuja kigangoni, watoto wakikimbia nyuma katika vumbi. Asili yake ni hii. Baada ya vita, Bwana Maurice Wilks, mkuu wa mafundi wa kampuni ya Rover, alikuwa na shamba katika kisiwa cha Anglesey, na kazi za shamba alizifanya kwa jipu la jeshi la Wamarekani. Jipu likachoka. Wasimulia kwamba mwaka 1947 alichora umbo la gari jipya mchangani ufukweni, mbele ya ndugu yake. Tarehe 30 Aprili 1948 likaonyeshwa katika maonyesho ya magari mjini Amsterdam, lenye injini ya lita 1.6. Chuma kilikuwa kwa mgawo siku zile, basi bodi wakaifanya kwa aluminiamu iliyochanganywa, ndugu wa sufuria zenu za jikoni. Fremu ya chini, ambayo mafundi huiita chesesi, ikabaki ya chuma. Kumbukeni neno hilo, maana ndipo pana maradhi yake. Gari la mwisho la ukoo ule lilitoka kiwandani Solihull tarehe 29 Januari 2016, baada ya kutengenezwa zaidi ya milioni mbili.

Kwa nini gari hili limfae mzee? Kwa sababu halina siri. Gari la siku hizi likigoma, fundi huchomeka kompyuta, naye mwenye gari husimama pembeni kama mgonjwa anayengoja majibu. Land Rover ya 1960 ina bolti na nati. Ukifungua unaona. Moto wa plagi wategemea vipande viwili vidogo vya chuma vinavyoachana na kugusana; pengo likiharibika injini hukohoa, ukilisawazisha hupona, na ni kazi ya nusu saa kwa bisibisi na kipimo chembamba. Tena vipuri vyake hutengenezwa mpaka leo, jambo ambalo huwezi kusema juu ya magari mengi ya umri ule.

Kazi yenyewe huanza kwa kubomoa, na hapo ndipo wengi hushindwa. Mwenye haraka huvunja gari lote kwa Jumamosi mbili, hutupa bolti zote katika karai moja, na mwaka ujao hajui ipi ya mlango na ipi ya sanduku la giya. Mwenye busara huchukua mikebe ya maziwa, kila mkebe na karatasi yake iliyoandikwa, na hupiga picha kila kitu kabla ya kukigusa. Nati iliyoshikwa na kutu haipigani na mtu: huimwagia mafuta mepesi leo, akaiacha, akarudi kesho. Mzee aliyezoea kuamuru watu ofisini hujifunza hapo kwamba nati haijui cheo chake.

Kisha yaja chesesi. Imefanywa kama sanduku refu lenye uwazi ndani, na tope likiingia halitoki. Huko Uingereza wakati wa baridi humwaga chumvi barabarani kuyeyusha barafu, na chumvi hiyo hula chuma toka ndani, hata nje paonekane pazima na ndani pamebaki maganda. Aluminiamu nayo huliwa pale inapogusana na chuma penye maji ya chumvi. Basi mzee hukata palipooza, huchomelea bati jipya. Au, kama ana fedha, hununua chesesi iliyochovywa katika zinki iliyoyeyushwa, moto wa nyuzi 450 hivi za Selsiasi, ili kutu isiipate upesi.

Hapa sina mzaha hata kidogo: wako watu waliokufa kwa upenzi huu. Jeki ni ya kuinulia, si ya kulala chini yake. Gari likiinuliwa sharti likalishwe juu ya vigingi imara vya chuma kabla mtu hajaingiza kichwa. Na vumbi la breki za zamani lisipulizwe kwa mdomo wala kwa upepo wa pampu, maana breki za miaka ile zilikuwa na asbesto, ambayo huharibu mapafu polepole, na ugonjwa huonekana baada ya miaka mingi. Kitambaa kilicholowa maji chatosha kulifutia, kisha kifungwe ndani ya mfuko na kutupwa.

Sasa tuje kwenye fedha, maana najua akina mama wamengoja neno hili. Gari la zamani lililotengenezwa likapendeza, mara nyingi huuzwa kwa bei iliyo chini ya fedha zilizoingia ndani yake, hata bila kuhesabu jasho. Mtu akikuambia ni biashara, muulize maswali. Kwa sababu hiyo wenye akili huanza wangali kazini, wana miaka hamsini na mitano hivi, mshahara ungali unaingia. Hununua gari na vifaa vizito miaka hiyo; siku ya kustaafu ikija, kilichobaki ni kazi ya mikono na saa nyingi, vitu ambavyo sasa anavyo. Asiyefanya hivyo, akangoja kiinua mgongo na kukimwaga chote katika chuma kwa mwezi mmoja, huyo ameitia nyumba yake hatarini, na mkewe ana haki ya kupiga kelele. Afadhali waseme mapema, mume na mke: fedha hii ni ya gari, hii haiguswi. Hata saa waziseme. Mke aliyengoja miaka thelathini mumewe apate nafasi, kisha akaona nafasi yote imepewa gari, huyo hakutendewa haki. Nafurahi kusikia kwamba katika nyumba nyingi za huko mama hushona viti na kupaka rangi, na wengine wao ndio mafundi wenyewe, baba akiwa wa kushika taa.

Serikali ya Uingereza huwasaidia kidogo. Gari lililopita miaka 40 laweza kusamehewa kodi ya barabara, na tangu Mei 2018 mengi ya umri huo hayalazimishwi ukaguzi wa kila mwaka, mradi hayakugeuzwa sana. Mimi ningependelea wayakague. Breki ya mwaka 1955 ni ya mwaka 1955.

Kuna na shida ya petroli. Zamani ilitiwa risasi, nayo ililinda viti vya vali katika injini. Kwa sababu risasi ni sumu kwa watu, hasa watoto, Uingereza iliacha kuiuza kwa watu wote mwisho wa 1999, na nchi za Afrika kusini mwa Sahara zikaiacha mwisho wa 2005. Waliofanya hivyo walifanya vema kabisa. Lakini injini nyingi za zamani sasa zahitaji viti vigumu zaidi vya vali, au dawa ya kuchanganya na petroli. Tena tangu Septemba 2021 petroli ya kawaida ya huko yaweza kuwa na spiriti mpaka sehemu 10 katika 100, nayo hulainisha mipira ya zamani mpaka ivuje. Mipira ibadilishwe kwanza, safari baadaye.

Gari likiisha, liendeshwe. Wako wanaolipangusa na kulifunika shuka kama bibi arusi, hao siwaelewi. Mafuta yakilala hukauka, mipira hupasuka, betri hufa. Na kuliendesha ni elimu nyingine. Katika Land Rover za mwanzo giya ya kwanza na ya pili hazina kifaa cha kulinganisha mwendo wa meno. Ukirudisha giya, sharti ukanyage klachi, utoe giya, uachie klachi, ukanyage petroli kidogo, kisha klachi tena ndipo uingize. Kijana wa leo hutoa mlio wa kusaga mawe. Mzee wake aliyeendesha lori zamani huingiza kimya, na siku hiyo mjukuu humtazama babu kwa macho mengine.

Huku kwetu upenzi huu si mgeni kabisa. Mashindano ya Safari yalianza 1953, yakapita Kenya, Uganda na Tanganyika, na mwaka 1965 Bwana Joginder Singh na nduguye Jaswant waliyashinda kwa Volvo iliyokwisha kutumika, si mpya. Tangu 2003 yako mashindano mengine ya Safari ya magari ya zamani peke yake. Hayo ni ya wenye mali, kweli. Lakini Land Rover zimelala nyuma ya maghala mengi, na barua nilizopata zauliza kama kuna faida kuzifufua.

Jibu langu ni hili: msitazame injini kwanza. Injini hutengenezeka. Chukueni nyundo ndogo, lala chini, gonga chesesi toka mbele mpaka nyuma, hasa palipo karibu na magurudumu na penye pembe. Ikilia kama kengele, ni nzima. Ikitoa sauti ya kifu na maganda yakaanguka usoni, hesabuni gharama kabla ya kusema neno. Magari ya Dodoma na Tabora, nchi kavu, huwa na chesesi nzuri kuliko yaliyokaa Tanga au Mombasa penye upepo wa bahari. Kisha tazameni kama karatasi za gari zipo na zina jina la nani, maana nimeona wazee wawili wakidai gari moja ambalo kuku ndio waliokuwa wakilitumia.

Na mkifika siku ya kuliwasha kwa hendeli, kidole gumba kiwekwe upande mmoja na vidole vingine, kisizunguke mpini. Injini ikirudi nyuma kwa ghafula, hendeli huruka, na gumba lililozunguka mpini huvunjika.