Nani Ajue Kwamba Chombo Kimeondoka Kongolo?

Chombo cha mbao kilichoungua katika mto Kongo karibu na Mbandaka tarehe 15 Aprili 2025 kiliitwa HB Kongolo. Kilitoka bandari ya Matankumu kikielekea Bolomba, na kamishna wa mto alieleza kwamba moto ulianza wakati abiria mmoja alipokuwa akipika chomboni. Waliokufa walitajwa kwanza kuwa 50, halafu 148. Waliopanda walitajwa kuwa 400, kisha 500. Maana yake ni kwamba kuna watu 100 hivi ambao hakuna ofisi iliyoweza kusema kwa hakika kama walikuwa chomboni au hawakuwapo kabisa.

Mbandaka iko mbali sana na mji wa Kongolo, lakini mto ni mmoja: Lualaba ndio mto Kongo wa juu. Mto Lukuga hutoka ziwa Tanganyika pale Kalemie na kumwaga maji yake Lualaba kaskazini ya Kabalo. Lualaba huyapitisha Kongolo, kisha huingia kwenye mikondo mikali ambayo Wabelgiji waliiita Milango ya Jahanamu. Hapo hakuna chombo kinachopita, ndiyo maana kampuni ya CFL ilijenga reli ya kutoka Kongolo hadi Kindu zaidi ya miaka 100 iliyopita. Lakini juu ya Kongolo, hadi Bukama, kuna zaidi ya kilomita 600 za maji yanayopitika, na watu husafiri humo na mahindi, samaki wakavu na mafuta ya mawese, wengi wao wakiwa wameketi juu ya magunia.

Kila ajali inapotokea, pendekezo la kwanza ni vyombo vya kisasa. Baharini jambo hilo limeshazoeleka. Tangu mwisho wa 2004, kanuni za kimataifa zinataka meli za safari za nje zenye ukubwa wa tani 300 na zaidi zibebe kifaa kinachotangaza bila kukoma jina la meli, mahali ilipo, mwendo wake na uelekeo wake. Mombasa ina kituo cha kuratibu uokoaji tangu 2006, na kinahudumia eneo kubwa la Bahari ya Hindi. Sikatai vitu hivyo. Siku moja vifungwe pia kwenye meli za Kalemie. Ila boti ya mbao isiyo hata na taa haitaanza na kifaa cha setilaiti, na nikisikia serikali ikiahidi skrini kubwa ya kufuatilia vyombo kabla ya kuahidi daftari la abiria, naona kazi imeanzishwa kutoka mwisho.

Kinachookoa watu kwanza ni mtu wa nchi kavu anayejua kwamba wako majini. Meli Merdi ilipozama ziwani Kivu tarehe 3 Oktoba 2024, ilikuwa imekaribia Kituku, mjini Goma, na watu wa ufukweni waliiona. Gavana wa Kivu Kusini alisema ilikuwa na watu 278, ilhali uwezo wake ulikuwa 80. Kama wengi walikufa mbele ya macho ya mji mzima, je, itakuwaje kwa boti inayopinduka usiku kwenye Lualaba, kati ya Ankoro na Kabalo? Atakayegundua ni ndugu anayesubiri gatini, na atagundua kesho yake, au keshokutwa, kwa sababu boti kuchelewa ni jambo la kila siku.

Dawa yake haihitaji mabilioni. Ankoro wanapoachia chombo, waitaarifu Kabalo: jina la chombo, idadi ya watu, saa ya kuondoka, saa ya kutarajiwa. Kabalo waitaarifu Kongolo. Saa ya kutarajiwa ikipita kwa muda uliokubaliwa, mtu ana wajibu wa kuuliza, na asipojibiwa ana wajibu wa kutuma mtumbwi. Simu inatosha pale mtandao unapofika. Mahali pengine kuna foni, ile redio ya masafa marefu ambayo parokia na wafanyabiashara wa nchi hii waliitegemea kabla ya simu za mkononi. Kazi ya kupashana habari za safari si ngeni kwetu.

Mbona basi haifanyiki? Jibu wanalijua manahodha wote. Katika bandari zetu, kila ofisi ina mtu wake, na kila mtu ana stakabadhi yake, au hana hata stakabadhi. Nahodha akisema amebeba watu 120, hilo halihesabiwi kama habari ya usalama. Linahesabiwa kama kiasi atakachotozwa. Kwa hiyo atasema 60, wengine atawapakia mbele kidogo, kijijini, na ataondoka usiku. Marufuku ya kusafiri usiku imetangazwa mara nyingi nchini, na wasafiri wa usiku bado wapo, kwa kuwa kwa wengi wao giza ni njia ya kuwakwepa watoza kodi. Mwaka 2019, baada ya ajali ya ziwani Kivu, Rais Tshisekedi aliagiza kila abiria avae jaketi la kuokolea. Agizo lilikuwa jema. Lakini chombo kisichopita mbele ya mkaguzi hakikaguliwi.

Kwa hiyo nasema waziwazi: daftari la usalama litengwe na daftari la mapato. Lisishikwe na mtoza kodi, wala lisisomwe naye. Lishikwe na watu ambao abiria wanawaamini na ambao nahodha haogopi kuwaambia ukweli: chama cha wavuvi, parokia, Msalaba Mwekundu, redio ya mji. Hesabu iliyomo isitumike kumtoza nahodha faini siku ile. Najua hili litawaudhi wengi, nao wana hoja: chombo kilichojaa kupita kiasi kinapaswa kuzuiwa, si kuandikwa tu. Kweli. Kamishna abaki na mamlaka ya kukizuia chombo gatini kwa macho yake mwenyewe. Lakini nikilazimika kuchagua kati ya idadi ya uongo iliyolipiwa kodi na idadi ya kweli isiyolipiwa, nachagua ya pili, kwa kuwa ndiyo inayomwambia mwokoaji aendelee kutafuta au aache.

Pingamizi lingine ni zito zaidi kwangu. Majambazi wanavizia vyombo ziwani Tanganyika, na habari ya safari ikizagaa, wao pia wataisikia. Ndiyo sababu sipendekezi itangazwe redioni kabla ya safari. Iende gati kwa gati. Redio itumike kwa hali ya hewa, jambo ambalo halimpi jambazi kitu. Ziwani Victoria, mradi ulioanza 2017 uliwezesha Kenya, Uganda na Tanzania kutoa utabiri maalumu kwa wavuvi na mabaharia, mara mbili kwa siku, kwa lugha wanazozielewa. Sisi tuna METTELSAT, wakala wetu wa hali ya hewa, na tuna Radio Okapi inayotangaza kwa Kiswahili. Upepo wa kusi wa miezi ya kiangazi si siri kwa mvuvi wa Moba, ila dhoruba ya ghafla ya masika ni jambo jingine.

Ziwani Tanganyika, hata daftari zuri la Kalemie halitoshi. Meli Mutambala ilipozama Desemba 2014, ikaua zaidi ya watu 100, ilizama katika ziwa lenye urefu wa kilomita 673 linalomilikiwa na nchi nne. Upepo unaweza kuwasukuma manusura hadi upande wa Tanzania. Mamlaka ya Ziwa Tanganyika, yenye makao Bujumbura, ilizaliwa na mkataba wa 2003 kwa ajili ya kuhifadhi mazingira zaidi ya uokoaji. Lakini tangu 2022 Kongo ni mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, pamoja na Tanzania na Burundi, kwa hiyo meza ya kuzungumzia ipo, na Zambia inaweza kualikwa. Cha kwanza kudai hapo ni namba moja ya dharura inayopokelewa usiku na mchana Kalemie, Kigoma, Bujumbura na Mpulungu, na mpokeaji anayejua Kiswahili katika kila mji.

Kwa upande wa Lualaba hatuna haja ya kusubiri mkutano wa nchi nne. Ankoro, Kabalo na Kongolo zote ziko ndani ya mkoa mmoja, chini ya gavana mmoja, na anaweza kusaini amri ya kutenga madaftari hayo mawili kabla mvua hazijaanza.