Kiranja Aliyevuliwa Cheo

Wasomaji wenzangu, muhula huu nimevuliwa ukiranja wa bweni. Siku ya kwanza ya kushika fagio nilijificha nyuma ya jiko kwa haya. Lakini mtazameni Mzee Rashidi Kawawa! Alikuwa Waziri Mkuu mwaka 1962, kisha Makamu wa Rais, na tena Waziri Mkuu mwaka 1972. Mwaka 1977 kiti hicho akapewa Edward Sokoine, mdogo wake kwa miaka 12, naye Mzee akawa Waziri wa Ulinzi chini yake. Vita vya Kagera vikamkuta hapo hapo kazini. Mimi naona ukubwa wake ulidhihirika hapo kuliko katika vyeo vya mwanzo.

Jumamosi nilifagia baraza lote (na hapa Bagamoyo upepo wa bahari huurudisha mchanga upesi). Kiranja mpya, kijana wa kidato cha tatu, akasema nimeacha kona ya bomba. Alisema kweli, nikarudi.