Cheti cha Nne Hakitamtoa Kijana Nyumbani

Mzazi wa Moshono, hapa Arusha, akiulizwa kwa nini mwanawe aliyesomea kompyuta bado yuko nyumbani, mara nyingi jibu huwa lile lile: hajaongeza cheti. Stashahada ya TEHAMA anayo, lakini majirani wanasema siku hizi haitoshi bila cheti cha mitandao. Akikipata, ataambiwa soko sasa linataka usalama wa mtandao. Akimaliza hicho, atasikia habari za uchambuzi wa data. Kila kozi ina ada yake, na ada hiyo hutoka kwenye maziwa, ndizi, kodi ya vyumba viwili vya uani au kipande cha shamba kilichokatwa viwanja. Imani kwamba kijana anakosa kazi ya kwanza kwa sababu amepungukiwa cheti imezoeleka kiasi kwamba hata wenye vyuo hawana haja ya kuitangaza, maana wazazi wanawatangazia bure. Ni imani potofu, na wanaoilipia ni watu wasio na ziada.

Kama vyeti vingezaa ajira, ukanda huu wa Meru ungekuwa unagombania wafanyakazi. Njiro kuna Chuo cha Uhasibu Arusha, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1990, ambacho licha ya jina lake hufundisha pia sayansi ya kompyuta na usalama wa mtandao. Mjini kuna Chuo cha Ufundi Arusha, kilichopo tangu 1978. Ukishika barabara ya Moshi hadi Tengeru unakuta Taasisi ya Nelson Mandela, inayotoa shahada za uzamili na uzamivu. Elimu haijatupungukia. Tazama kilichotokea mwaka 2025 Mamlaka ya Mapato Tanzania ilipotangaza nafasi 1,596 za kada mbalimbali. Maombi yalifika 135,027, na waliokidhi vigezo wakaitwa kwenye usaili wa kuandika walikuwa 112,952. Namba ya kutafakari ni hiyo ya mwisho. Kila nafasi moja ilikuwa na watu takriban 70 wenye vyeti vyote vilivyotakiwa. Cheti kilishamaliza kazi yake ya kuchuja, na foleni ikabaki karibu vile vile ilivyokuwa.

Wapo watakaosema kompyuta ni jambo jingine, kwamba fani hii haihitaji foleni ya serikali kwa kuwa kijana anaweza kuajiriwa na kampuni ya mbali akiwa sebuleni kwao. Hilo nalo lilijaribiwa, na waliolijaribu walikuwa na fedha na walimu kutuzidi. Kampuni ya Andela ilianza Lagos mwaka 2014 kwa wazo la kuchagua vijana wenye vipaji, kuwafundisha kuandika programu na kuwaunganisha na kampuni za Marekani. Baadaye ikafika Nairobi na Kampala. Septemba 2019 ikatangaza kuwaachisha vijana wapatao 400 wa Nigeria, Uganda na Kenya. Sababu iliyotolewa haikuwa ujinga wa vijana hao. Ilikuwa kwamba wateja walitaka watu waliokwisha kufanya kazi, na wanaoanza hawakupata wa kuwachukua. Tena hiyo ilikuwa kabla Meta haijapunguza watu 11,000 Novemba 2022, na kabla wenye Google hawajapunguza 12,000 miezi miwili baadaye. Leo kijana wa Moshono akiomba kazi ya mbali anashindana na watu walioachishwa huko, ambao hawahitaji kufundishwa chochote.

Kwa hiyo tuulize mwajiri ananunua nini. Chukua ofisi ya utalii yenye watu kumi, za namna hiyo Arusha zimejaa. Mwenye ofisi haogopi kwamba kijana hajui nadharia ya mitandao. Anaogopa kwamba msimu wa Julai ukiwa umechanganya, kijana atafuta kwa bahati mbaya orodha ya wageni, au atashindwa kulipia kibali cha hifadhi mtandaoni gari likiwa tayari getini. Ndiyo maana tangazo la kazi ya kuanzia linadai uzoefu wa miaka mitatu, dai la kuchekesha kama si la kuumiza. Ni woga ulioandikwa kwa lugha ya kiofisi. Na woga huo hautibiwi na karatasi, kwa sababu karatasi inasema tu kwamba siku fulani mtu alijibu maswali vizuri. Unatibiwa na mtu wa tatu anayeweza kusema: huyu alinitengenezea mfumo, ulipokufa aliufufua, na hakuniibia.

Mahali pa kumpata mtu huyo wa tatu pako karibu, ila tumepadharau. Kila kona yenye watu Moshono ina steshenari. Wengi wanaiona kama duka la kutoa kopi. Ukweli ni kwamba pale ndipo serikali mtandao inapokutana na mwananchi asiye na kompyuta. Pale mhitimu anajaziwa ombi la mkopo wa elimu ya juu, mwingine anapakia vyeti kwenye mfumo wa Sekretarieti ya Ajira, mama mfanyabiashara anaomba namba ya mlipakodi, na mwanafunzi anabadili tahasusi ya kidato cha tano kabla dirisha halijafungwa. Kijana anayekaa pale miezi sita amekutana na mfumo uliokwama, faili lililozidi ukubwa, mteja anayelia kwa sababu jina la cheti cha kuzaliwa halifanani na la kitambulisho cha NIDA, na umeme uliokatika katikati ya yote. Wakubwa wa fani hii huliita jambo hilo huduma kwa watumiaji wa mifumo na hulilipa mshahara. Sisi tunaliita kukosa kazi.

Najua jibu litakalokuja: sikumsomesha mwanangu miaka mitatu akauze karatasi. Ni uchungu wa haki, na nisingemshauri mtu azeekee pale. Lakini steshenari ina wateja, na wateja wana ofisi. Mwalimu mkuu anayehangaika na taarifa za wanafunzi kwenye mfumo wa NECTA ana shule. Katibu anayechapisha mahesabu ana SACCOS. Zahanati ina rejista za wagonjwa, hoteli ina nakala za pasi za kusafiria za wageni, na tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ianze kutumika Mei 1, 2023, wanaokusanya taarifa za namna hiyo wana wajibu kisheria wa kujisajili kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi na kuzitunza ipasavyo. Wangapi kati yao wana mtu wa kuwafanyia? Kazi hizo hazitangazwi gazetini wala haziitwi kazi za kompyuta, lakini ni kazi za kompyuta, na huenda kwa yule anayejulikana. Akili mnemba nayo, inayosemekana kumaliza kazi za wanaoanza, itamwandikia mtu barua na hata programu ndogo. Haitapanda darini kuvuta waya, na haitampigia mhasibu Windows upya bila kupoteza vitabu vyake vya mwaka.

Sisemi cheti ni takataka. Utumishi wa umma haukutazami bila kile cha kwanza, na ndivyo inavyopaswa. Nazungumzia cha tatu na cha nne. Cheti cha CCNA, kwa mfano, kina thamani kwa mtu anayeshughulika na mitandao, lakini muda wake ni miaka mitatu. Kijana asiye na pa kukitumia anaweza kukishuhudia kikiisha uhai kabla hajapewa nywila ya mtambo wa mtu yeyote. Wala simtupii kijana lawama zote. Vyuo vinampeleka kwenye mafunzo kwa vitendo ya wiki chache ambako huishia kutumwa chai, na baada ya hapo ofisi zinamtaka ajitolee mwaka mzima bila hata nauli, utaratibu unaochuja watoto wa wenye nacho badala ya wenye uwezo. Serikali ina miongozo ya uanagenzi na mafunzo tarajali tangu 2017. Mwenye ofisi ya watu kumi anaweza kumchukua mmoja kwa miezi sita, akamlipa nauli na chakula, akamkabidhi kompyuta moja isiyo na siri. Hasara yake ni ndogo kuliko ya kumwita fundi wa dharura kila mfumo unapokwama.

Nawe mzazi unayehesabu ada ya kozi ijayo, pita kwanza ofisini kwa chuo kinachoitoa. Uliza mwanafunzi wao atakaa kwenye ofisi ya nani, kwa miezi mingapi, na nani atamsimamia. Wakianza kukuonyesha picha za maabara, rudi nyumbani na hela yako.